Kanuni Saba za Kumsikiliza Abu Ghattas

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza la Kijiji cha Ain Sarwa, Baba Paroko, wajumbe wa Kamati ya Utamaduni, ambayo mimi ndiye mwenyekiti wake na kwa hiyo naisalimu kwa tahadhari, bibi yetu Umm Fares, mwenye kiwanda cha mvinyo, pamoja na mwanawe Fares, wageni waalikwa mliopanda mlima kutoka Batrun na Beirut, na ninyi wengine ambao hamkualikwa lakini mmewahi viti vya mbele: salamu zenu nyote, kila mmoja kwa cheo chake.

Nimemwacha nyuma yule aliyepaswa kutangulia, kwa sababu ratiba niliyokabidhiwa haimtaji mahali popote isipokuwa katika kipengele cha tano, kisemacho, “Kutoa ngao na kufunga kabati.” Ndugu Melhem Saade, baba yake Ghattas, ndiyo maana sote twamwita Abu Ghattas, fundi wa jenereta ya kijiji na mpiga udi wetu kwa miaka thelathini na mmoja, karibu katika sherehe ya kustaafu kwako, ambayo hukuiomba.

Kabla ya yote sina budi kumpongeza Mheshimiwa Mwenyekiti kwa ukumbi huu mpya. Wakati wa uchaguzi alituahidi ukumbi wenye taa, na taa zipo, mwenye macho azihesabu. Umeme unaoziwasha unatoka katika jenereta ya kijiji, ambayo mgeni wetu wa heshima aliiwasha leo saa nne asubuhi kwa mikono yake, kisha akarudi nyumbani kunawa mafuta, akavaa suti, akaja kuagwa. Sijui kijiji kingine ambacho mtu huagwa kwa umeme alioutengeneza mwenyewe. Hayo nayo ni maendeleo.

Nalipongeza pia kabati la kioo mnaloliona ukutani, lenye kufuli la shaba na taa yake ndogo ndani. Humo, kwa uamuzi wa kamati yangu, ndimo udi wa Abu Ghattas utakamowekwa leo, ili vizazi vijavyo viutazame. Kadi ya maelezo niliiandika mimi. Nitaeleza punde kwa nini siku hizi siioni kuwa kitu cha kujivunia.

Ninyi mliotoka mbali huenda hamjui Jumapili zetu zilivyokuwa, na wenyeji mnaozijua mtanivumilia. Baada ya Misa, watu wa Ain Sarwa walikuwa wakishuka katika ghala la Umm Fares, chini ya nyumba, ambako meza kumi na mbili zimepangwa kati ya mapipa. Palikuwa na kibe za nyama, palikuwa na saladi ya tabule, palikuwa na mvinyo wa mwaka uliopita, ambao Umm Fares aliumimina bila kuusifu. Abu Ghattas aliketi juu ya kiti cha mbao kando ya pipa la tatu, akaupakata udi, akaimba mstari mmoja. Kisha alingoja.

Hapo ndipo kazi ya wasikilizaji ilipoanza. Mmoja aliguna, mwingine alisema “Allah” kwa sauti ya chini kama aliyechomwa sindano, na ndugu yetu Shibli, mwuza nyama, alipiga meza akasema, “Umeniua, Abu Ghattas. Rudia.” Naye alirudia, lakini si vilevile, aliuchukua mstari ule mahali ulipomuuma Shibli akaukunja upande mwingine, ukamuuma mtu wa meza ya pili. Wimbo haukuwa na urefu wake. Urefu ulikuwa kwetu. Nakumbuka Jumapili moja mstari mmoja ulitutoa kwenye kibe ukatufikisha kwenye matunda, na hakuna aliyeona kuwa tumechelewa.

Nakiri kwamba si kelele zote zilikuwa za sanaa. Mtu anayeshika umeme wa kijiji hapumziki hata akiwa na udi mapajani. Mama mmoja, ambaye yupo hapa na ambaye sitamtaja, alikuwa na kawaida ya kumkatiza kati ya mstari na mstari kumwambia kwamba taa za kwake hufifia kila anapopiga pasi. Abu Ghattas alimjibu bila vidole vyake kusimama: “Dada yangu, umelipia ampea tano tu za umeme. Pasi na friji haviwezi kukaa nyumba moja. Chagua.” Shibli akamshauri achague friji na amtoe mume, kwa kuwa ndiye anayekula umeme mwingi bila kugandisha kitu. Ghala zima lilicheka, mume naye akacheka, na wimbo ukaendelea pale ulipoachwa.

Mimi niliketi nyuma, karibu na mlango, na niliona aibu.

Ndugu zangu, nimefundisha sarufi kwa miaka thelathini na minane. Naamini kwamba sentensi ina mwanzo na mwisho, na kwamba anayezungumza hakatizwi. Katika ujana wangu nilipata kuhudhuria ukumbi wa muziki mjini Beirut, ambako watu elfu moja walikaa bila kukohoa, nikarudi mlimani nikiamini kwamba nimeona heshima inavyokaa kitini. Basi kijana wetu Fares aliporejea kutoka Ufaransa, alikosomea mvinyo, na wageni wa mjini wakaanza kuja kuonja, alinijia akaniambia kwamba mgeni mmoja amelalamika kuwa hausikii udi kwa kelele za wenyeji. Mgeni mmoja, nasema. Mimi nilimsikia kana kwamba ni umma mzima, kwa sababu nilikuwa nimemngoja kwa miaka thelathini na mmoja.

Kamati ilikutana. Niliandika Kanuni za Usikivu, kanuni saba, kwa siku tatu, nikazisahihisha mara nne. Ya kwanza iliamuru ukimya kuanzia sauti ya kwanza hadi ya mwisho. Ya tatu ilikataza kuguna, kupumua kwa kusikika na kupiga meza. Ya nne ilikataza kusimama. Ya tano ilikataza kumwomba mwanamuziki arudie alichokwisha kukisema. Ya saba iliruhusu makofi, mwishoni, kwa kiasi. Nawahakikishia kwamba hazikuwa na kosa hata moja la lugha. Ziliandikwa kwa hati nzuri, zikatiwa fremu, zikatundikwa juu ya pipa la tatu.

Je, nani angedhani kwamba zitatiiwa? Kijiji hiki hakijapata kutii amri ya serikali yoyote, wala tangazo la Baba Paroko kuhusu magari yanayoegeshwa mbele ya mlango wa kanisa. Lakini nusu yenu niliwafundisha, na nusu nyingine niliwafelisha, na siku ile nilisimama pale mlangoni nikiwa nimekunja mikono. Mlinitii. Nawasifu kwa utiifu huo, na ningependa usirudiwe.

Ilikuwa Jumapili ya pili baada ya mavuno ya zabibu. Abu Ghattas, ambaye hakuna mjumbe hata mmoja aliyekumbuka kumwarifu, aliingia akitokea kwenye mtambo wake, akaketi na kuanza. Aliimba mstari wa kwanza. Akangoja. Hamkusema kitu. Akaukaza uzi mmoja akidhani umelegea, akauimba mstari tena. Hamkusema kitu. Shibli alikuwa amejaza kinywa chake mkate mzima ili asijisahau, na uso wake ulikuwa umeiva kama komamanga. Abu Ghattas akajaribu mstari wa pili, wa tatu, akautazama kila uso kwa zamu, akaona watu arobaini wameketi wima, mikono juu ya meza, macho chini. Wimbo uliozoea kuchukua saa nzima ulimalizika kwa robo saa.

Sasa, ni jambo gani linalonyamazisha watu hivyo katika milima hii? Wageni wetu, ni jambo moja tu. Mtu akifa Ain Sarwa, hata redio ya jirani haifunguliwi kwa siku arobaini, na anayepiga udi maiti akiwa bado ndani hasamehewi yeye wala watoto wake. Abu Ghattas aliutazama ukimya wenu akaelewa kile ambacho mtu yeyote wa hapa angekielewa: kwamba kuna msiba, kwamba yeye peke yake hakuambiwa, na kwamba ameimba juu ya kichwa cha marehemu kwa robo saa nzima.

Aliuweka udi chini. Akavua kofia. Akaenda jikoni, alikokuwa Umm Fares, mikono yake ndani ya bakuli la tabule, akainamisha kichwa akamwambia, “Mungu amlaze pema, Umm Fares. Nisamehe, sikuambiwa. Ni nani?”

Umm Fares, ambaye ana kaka yake Brazili mwenye maradhi ya moyo, alielewa kwamba Abu Ghattas ndiye aliyetumwa kumletea habari. Sitaeleza kilio chake, maana yupo mbele yangu na amenisamehe kwa masharti. Wanawake waliingia jikoni wakalia naye. Baba Paroko aliliacha paja la kuku akaenda kutafuta stola yake. Mtu fulani, mwenye bidii, alikimbia kanisani akaigonga kengele ya msiba, na watu wa mtaa wa juu wakaanza kuteremka wakiwa wamevaa nguo nyeusi. Shibli alitoa mkate mdomoni akaanza kulia kabla hajajua anamlilia nani. Na hata hapo, ndugu zangu, meza tisa kati ya kumi na mbili hazikuinuka mpaka nilipotoa ishara, kwa sababu kanuni ya nne ilikataza kusimama.

Fares ndiye aliyewatuliza. Alimshika Abu Ghattas bega akamwambia, “Hakuna aliyekufa, ami. Ni kanuni mpya tu. Tunakuheshimu.” Akamwonyesha fremu.

Abu Ghattas aliisoma yote, kutoka kanuni ya kwanza hadi ya saba, polepole, kofia bado ikiwa mkononi. Kisha akasema, “Basi ni mimi.”

Akaufunga udi katika mfuko wake, akaenda zake. Jumapili iliyofuata hakuja.

Na sisi tulifanya nini? Nawauliza wajumbe wenzangu, ambao sasa wanatazama viatu. Je, yuko aliyevuka njia kwenda kumwuliza? Tuliitisha kikao. Tulijadili kwa saa mbili kwa nini mtu wa umri wa miaka sitini na miwili anaweza kuchoka. Tulikubaliana kwamba amechoka. Tulipitisha azimio la kumshukuru, azimio la ngao na azimio la kabati. Katika kikao hichohicho tuliidhinisha waalikwe wanamuziki wanne kutoka mjini, ambao walikuja, wakapanga karatasi zao, wakapiga kwa dakika arobaini na tano kamili, wakainama na kuondoka. Mliwasikiliza kwa ukimya mkamilifu. Shibli alilala, jambo ambalo halikukatazwa na kanuni yoyote. Na yule mgeni wetu mmoja, mlalamikaji, alikuwapo siku hiyo pamoja na rafiki zake sita. Mwishoni alimwita Fares akamwuliza wale watu waliokuwa wakipiga meza wamekwenda wapi, kwa maana ndio aliokuwa amewaleta wenzake kuwasikia. Hajarudi tena. Na meza za ghala, ambazo zamani tulizigombania, Jumapili hizi unaweza kuchagua uipendayo.

Nafika sasa kwenye jambo ambalo halimo katika ratiba.

Wiki tatu zilizopita nilikwenda nyumbani kwa Abu Ghattas na utepe wa kupimia, ili seremala asikosee kabati. Nilimkuta uani akisafisha kichujio cha mtambo. Alinawa, akanipikia kahawa, akautoa udi akaulaza juu ya meza, nami nikaupima shingo na tumbo kama mtu anayepima jeneza. Nilipomaliza nilimwuliza, kwa adabu tu, kama ameifurahia heshima tuliyompa.

Akasema, “Mwalimu, nikuulize na mimi. Ulipokuwa ukimaliza kueleza somo, na wanafunzi wote wamekaa kimya, ulijuaje kama wameelewa?”

Nilimwambia kwamba nilikuwa nikiwauliza maswali.

“Basi na mimi nawauliza. Kila mstari ni swali. Siku ile niliwauliza watu wangu robo saa nzima, hakuna aliyejua jibu.”

Nilimweleza kwamba tulinyamaza kwa heshima. Alinimiminia kahawa ya pili. Akasema heshima ya namna hiyo tumpe yule ambaye hana tena la kufanya nayo. Yeye anachotaka ni Shibli amwambie kwamba amemuua. Kuhusu udi, akasema, tuuchukue tu, maana kama watu wanataka kimya, mbao peke yake zinatosha.

Hapo nilijitetea, na sijui kwa nini. Nilimwambia kwamba mimi kwa miaka thelathini na mmoja sikupata kuguna wala kusema “rudia” hata mara moja, na bado hakuna aliyemsikiliza kuliko mimi.

Alicheka. “Wewe? Wewe ulikuwa msikilizaji mgumu kuliko wote. Lakini mstari ukikugusa ulikuwa unavua miwani. Unadhani nilikuwa narudia kwa ajili ya Shibli? Shibli anakufa hata nikikaza nyuzi. Nilikuwa natazama mlangoni, Mwalimu. Ukivua miwani, narudia.”

Akaongeza, “Siku ile hukuvua.”

Sikuvua. Niliihitaji, ili nione ni nani anayevunja kanuni.

Mheshimiwa Mwenyekiti, nilitoka katika nyumba ile nikiwa nimesahau vipimo mezani, na kwa kuwa sikuwa na uso wa kurudi, nilimtajia seremala urefu wa kukisia. Hukuambiwa jambo hili, na naomba radhi: kabati lile ni fupi kwa shibiri nzima. Udi hauingii. Nililijua hilo tangu juzi, na nimekaa nalo siku mbili kama mwanafunzi aliyevunja kioo cha dirisha.

Kwa hiyo, kwa mamlaka ya uenyekiti wangu, ambayo nayatumia leo kwa mara ya mwisho kabla sijaandika barua ya kujiuzulu, nazifuta Kanuni za Usikivu, zote saba. Wajumbe wenzangu sikuwashauri; lakini mlipozipitisha hamkuzisoma, basi hamtaona tofauti. Fremu yake nimeipima kwa uangalifu. Inaingia kabatini bila shida, na pale vizazi vijavyo vinaweza kuitazama, chini ya taa ndogo, na kujiuliza tulikuwa watu wa namna gani. Kadi ya maelezo nitaiandika upya.

Ngao nayo ni yako, Abu Ghattas. Imeshachongwa jina, na hakuna mwingine inayemfaa. Imeandikwa kwamba umestaafu. Wewe ichukulie kuwa ni ya mwenyekiti wa kamati, ambaye amestaafu kweli.

Abu Ghattas, sitakuomba upige. Aliyekunyamazisha hana haki ya kukuomba sauti. Nasema tu kile nilichokiona. Ulipouleta udi leo, ilinipasa kuufungua na kuukagua kabla ya makabidhiano, ndivyo utaratibu unavyotaka. Nyuzi zake ni mpya, zote kumi na moja, na zimekazwa sawasawa. Nimejiuliza tangu asubuhi ni mtu gani anayetia nyuzi mpya kwenye ala ya kufungiwa kabatini.

Kuna kiti cha mbao hapo mbele. Fares amekileta kutoka ghalani mwenyewe, sikumwagiza. Umm Fares yuko hapa, na kaka yake wa Brazili, tumshukuru Mungu, alipiga simu jana. Shibli yuko hapa, na nimehakikisha kwamba hana mkate.

Namshukuru Mheshimiwa Mwenyekiti kwa subira, Baba Paroko kwa sala, na wageni wetu kwa kupanda mlima. Nanyi nyote, wanafunzi wangu na watoto wa wanafunzi wangu, nawashukuru kwa kunisikiliza muda wote huu bila hata mmoja wenu kuguna. Mimi nilistahili. Yeye msimsikilize hivyo.